Pipa Lililoondoka Tena

Vital na Fulgence walikuwa wamepakua mapipa pamoja muda mrefu hata hawakuhitaji tena kusemezana wakiwa kazini. Lori la mawese likifika katika depo ya Mama Adèle, kule mtaa wa Nyakasanza mjini Bunia, mmoja wao alipanda juu, akalilaza pipa kwenye mbao mbili zilizoegemezwa lorini, akaliachia polepole. Mwingine alilipokea chini, akalibingirisha kwa mikono kuvuka uwanja wa saruji mpaka kwenye safu ya mapipa yaliyopangwa chini ya bati, akaliwekea jiwe lisitoroke. Ni kazi ya nguvu, lakini zaidi ni kazi ya kuaminiana. Anayesimama chini ya mbao amemkabidhi mwenzake miguu yake.

Walikuwa watu wa pande mbili. Vital alizaliwa katika ukoo wa wafugaji, na ng'ombe wao waliisha wote wakati wa vita. Fulgence alikuwa mkulima wa Djugu aliyekimbia na mke wake Denise, na sasa wanakaa kambini, pembeni mwa mji. Bunia ni mji ambamo watu wakikutana huulizana kwanza kijiji, ndipo waulizane habari. Lakini hawa wawili walikuwa wakienda pamoja kwenye matanga ya kila upande, na watu walikwisha kuzoea kuwaona hivyo.

Kilichowagombanisha kilikuwa kitu kidogo. Kapita wa wapakuzi, yaani msimamizi wao, alihamia Komanda kufuata jamaa yake, na Mama Adèle akamweka Fulgence mahali pake. Vital ndiye aliyetangulia kufika pale depo. Hakulalamika, ila kile kitu kilimkaa kooni. Asubuhi moja Fulgence akamwambia mbele ya wenzake kwamba safu aliyoipanga jana yake imekaa vibaya, aipange upya. Vital aliipanga upya. Alipomaliza alisema, bila kumtazama mtu, "Siku moja utaona." Kila aliyekuwepo alisikia.

Mchana wa siku hiyohiyo likaja lori la Mathieu kutoka upande wa Komanda. Turubai lilikuwa limeondolewa na jua lilikuwa limeyachoma mapipa njia nzima, hata ukiyagusa mkono uliruka. Ndani ya uwanja kulikuwa na gari jingine limeharibika, basi Mathieu akasimamisha lori lake mlangoni, na mapipa yakabidi kubingirishwa kutoka mlangoni mpaka chini ya bati, mbali kuliko siku zote. Gaël, kijana mwenye mabega mapana, alikuwa juu. Vital alikuwa chini. Fulgence alikuwa ameinama kwenye safu, amewapa mgongo, akivuta jiwe lililokwama chini ya pipa la mwisho.

Pipa la kwanza liliteremka mbio. Vital alilidaka, akaligeuza, akalisindikiza kuvuka uwanja. Alikuwa bado na hasira ya asubuhi na alikwenda kwa mwendo wa hasira, mikono yake ikilipiga pipa na kulisukuma, likapata kasi. Karibu na safu akamwona Fulgence ameinama. Akaliegemea pipa kwa nyuma, akalishika kwa mikono miwili, likasimama. Hilo alilikumbuka vizuri baadaye: uzito ulikufa chini ya viganja vyake, kama mnyama aliyekubali kulala. Jasho lilikuwa limemwingia machoni. Akaachilia pipa, akainua upindo wa shati lake kwa mikono yote miwili, akajifuta uso.

Akasikia chuma kikigonga chuma. Kisha akasikia sauti ya Fulgence, sauti isiyokuwa neno.

Aliposhusha shati, pipa halikuwa tena mbele yake. Lilikuwa limegandamana na safu, na Fulgence alikuwa amepiga magoti, mkono wake wa kulia umebanwa kati ya kingo mbili za chuma. Walikuja watu mbio, wakalivuta pipa, wakamfunga mkono kwa kitambaa cha Mama Adèle, wakampandisha kwenye pikipiki kumpeleka hospitali. Vital hakumbuki kama alisaidia kulivuta. Anakumbuka kwamba Mathieu, dereva, alimjia mpaka karibu na uso, akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Weye njo ulisukuma?"

Vital alitazama mikono yake. Alitafuta ndani ya mikono kumbukumbu ya kusukuma na hakuipata. Alitafuta pia kumbukumbu ya kutosukuma, nayo hakuipata. Pipa lilikuwa limesimama, yeye alikuwa nyuma yake, na lilikwenda.

"Sijui," alisema.

Neno hilo ndilo lililomponza. Kama angekataa, nusu ya watu wangemwamini. Kama angekubali, wangemkasirikia na baadaye wangemwombea msamaha. Lakini mtu asiyejua kama amemvunja mwenzake mkono, huyo watamfanyaje? Kabla ya jua kuzama habari zilikuwa zimefika sokoni. Wengine walisema alimtegea. Wengine walikumbushana maneno ya asubuhi. Na wengine, ambao hawakuwepo wala hawakumjua hata mmoja wa wale wawili, waliuliza tu Vital ni wa wapi na Fulgence ni wa wapi, wakajibiwa, wakatikisa kichwa. Mama Adèle aliogopa hao wa mwisho kuliko wote. Alimwambia Vital akae nyumbani mpaka maneno yakatwe.

Maneno yaliketiwa siku ya Jumamosi, uani kwa shefu wa mtaa. Walikuja Mama Adèle, Mathieu, Gaël na majirani wengi. Fulgence alikuwa bado na maumivu, hakuja. Upande wake alikuja Denise, na pamoja naye dada mkubwa wa Fulgence, jina lake Micheline, mwalimu wa fizikia kwenye shule moja ya sekondari. Mwanamke mwembamba, mtulivu, aliyezoea kusikilizwa.

Mathieu alieleza alichokiona: pipa lilisimama, Vital akiwa nyuma yake, mikono yake ikatikisika, pipa likaenda. Gaël akasema vilevile, ila yeye hakuona mikono. Mtu mmoja akauliza kama sakafu haikuteremka. Mama Adèle akajibu kwamba amemwaga maji palepale jana, na maji yalikaa kama ziwa, hayakukimbilia upande wowote. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya kunong'ona kwamba kuna mapipa yanayotumwa na watu. Wachache wakaguna, shefu akamwomba anyamaze, na simu ya shefu ikalia, wakasubiri amalize kuongea.

Ndipo Micheline akaomba neno. Hakuwa na hasira, na hiyo ilimtisha Vital zaidi. Alisema hakuja kumshitaki mtu. Alikuja kusema jambo ambalo huwafundisha watoto kila mwaka. Kitu kikiwa katika mwendo kina nguvu ya mwendo, na nguvu hiyo haizuki yenyewe, bali huingizwa na mtu au kitu kinachokisukuma. Kusukuma huko, katika hesabu zao, huitwa kazi. Kazi ikiingia, mwendo unaingia. Mtu akisimamisha kitu, amekitoa nguvu ile yote.

"Kitu yenye imesimama fasi ya sawa, yenye haiteremuke, haina nguvu ya mwendo," alimalizia. "Kama imetembea tena, kuko mutu aliifanyia kazi. Miye sina ingine ya kusema."

Watu waliitikia kwa koo. Shefu alimwuliza Vital kama ana la kujibu. Vital alisimama, akafikiri. Yale maneno ya mwalimu aliyaelewa yote, neno kwa neno, na hakuona tundu la kutokea. Pipa halikusimama kidogo, lilisimama kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa karibu. Alisema anamwonea Fulgence huruma, akaketi. Shefu akaahirisha, akasema Fulgence naye lazima asikiwe, wakutane tena akipata nafuu.

Nyumbani, mke wake Scholastique alimwandalia chakula, na akangoja watoto watoke ndipo aseme. Alimwuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza kule uani.

"Baba Caleb, ulimuchukia?"

Vital alisema ile asubuhi, ndiyo, alimchukia. Mchana hakumbuki. Kisha akaanza kusema kwamba pengine mkono wa mtu unaweza kufanya kitu bila kumwambia mwenyewe. Kwamba pengine, katika kuinua shati, kiwiko kiligusa. Kwamba pengine kiwiko hakigusi tu bila mwenyewe kutaka. Scholastique alimsikiliza mpaka akachanganyikiwa na yeye. Alisema yeye amelala karibu na mikono hiyo miaka yote na haijawahi kumfanyia kitu bila mwenyewe kujua. Kilikuwa kitu kizuri kuambiwa, lakini hakikumsaidia.

Kesho yake hakula vizuri, na siku iliyofuata alijikuta akizungumza peke yake njiani. Mwisho akapata wazo. Akaenda depo mapema, kabla ya wateja, wakati ukungu ulikuwa bado umeshika bati na watu wamevaa makoti, akamwomba Mama Adèle amruhusu ajaribu pipa moja. Mama Adèle alisita, kisha akakubali, mradi afanye haraka na asiwe na mtu mbele yake.

Vital alilichagua pipa lililokaa ndani tangu juma lililopita. Akalilaza. Lilikataa kuanza, ikabidi aweke bega. Akalibingirisha toka mlangoni kuvuka uwanja, akalishika, likasimama. Akaondoa mikono, akaiweka nyuma mgongoni kama mtoto wa shule.

Pipa lilibaki palepale.

Akarudia. Akalisukuma kwa nguvu zaidi, mpaka akahema. Akalisimamisha, akaachia. Lilikaa kimya kabisa, limetulia juu ya saruji kama nyumba. Akarudia tena na tena, na kila mara alitamani liende hata kidogo, hata kidole kimoja. Mama Adèle, aliyekuwa akimtazama toka mlango wa ofisi, aligeuka akaingia ndani. Hakutaka Vital aone kwamba na yeye amefahamu maana yake.

Basi ni mimi, Vital alijiambia. Na ajabu ni kwamba alipolisema hilo moyoni alipata nafuu kidogo, kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kujua. Toka hapo depo hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kambini kwa Fulgence.

Jua lilikuwa limeanza kupanda alipofika. Fulgence alikuwa ameketi nje ya hema, mkono umefungwa bandeji nene mpaka kifundo, akikausha miguu juani. Micheline alikuwa amekuja kumtazama, ameketi kwenye kigoda. Denise alikuwa akihangaika na jiko. Walimkaribisha Vital, kwa sababu mgeni ni mgeni, lakini hakuna aliyempa kiti mpaka Fulgence akamwonyesha jerikani iliyo tupu, aketi juu yake.

Vital alisema alichokuja kusema. Alisema amejaribu pipa, pipa haliendi lenyewe, kwa hiyo ni yeye aliyelisukuma, na anaomba msamaha, na atasema hivyohivyo mbele ya shefu.

Fulgence alitazama chini. Kisha aliuliza, "Juu ya nini hukunigonga ku mugongo, kama ulitaka kunivunja? Nilikuwa nimeinama."

Vital alisema hajui.

"Sasa unaungama kitu yenye hujue?"

Ni Micheline aliyeingilia. Alikuwa amekunja uso tangu Vital alipoanza, na sasa alimwuliza pole pole, kama anavyouliza mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi: wakati pipa linaondoka, mikono yako ilikuwa wapi? Vital alisema ilikuwa usoni. Yote miwili? Yote miwili, imeshika shati. Na miguu? Chini, imeachana. Micheline alisema mtu wa namna hiyo hawezi kusukuma pipa lililojaa, hata akitaka. Alikuwa amefikiri siku zote kwamba Vital alikuwa ameshika pipa. Hakuna aliyemwuliza. Na yeye mwenyewe pale uani hakuuliza.

Sasa walikuwa watatu waliochanganyikiwa, na Denise wa nne. Kama pipa halikusukumwa, halikuwa na nguvu ya kwenda. Kama lilikwenda, lilisukumwa. Micheline alilirudia hilo mara mbili kwa sauti, akatafuta kosa, asilione.

Denise aliinuka kwenda kuchukua chupa ya mawese. Alikuwa ameiweka juani, juu ya kipande cha bati, kwa sababu asubuhi ilikuwa imeganda na haikumiminika. Bado haikuwa imeyeyuka yote. Micheline akamwomba ampe, aishike yeye kwanza. Aliilaza kiganjani, akaizungusha. Upande ulioganda ulikwenda pamoja na chupa. Upande uliokwisha kuyeyuka haukwenda. Ulibaki chini, ukiteleza, kana kwamba chupa inazunguka nje yake.

Aliizungusha tena. Halafu akamwuliza Vital lile pipa la leo asubuhi lilikuwa limetoka wapi. Ndani, Vital alisema, lina juma zima kivulini. Na lile la siku ile? Lile lilitoka lorini, lilikuwa la moto. Micheline akauliza kama yanafanana mkononi. Vital akafikiri, akasema hapana, hayafanani, kila mpakuzi anajua hivyo: pipa la baridi hukataa kuanza, la moto huanza mbio halafu linakuwa zito njiani. Alilisema kama mtu anavyosema kwamba mvua inalowesha.

Micheline alimrudishia Denise chupa yake. "Sijaelewa bado," alisema. "Lakini pipa ya asubui na pipa ya muchana si kitu moja."

Lori la Mathieu lilirudi siku chache baadaye, saa za jua kali. Mama Adèle alikubali wajaribu kwa sharti moja: asionekane mtu karibu na safu. Waliweka tairi kuukuu mbele ya mapipa. Micheline alikuja na vumbi la chaki bado kwenye mikono ya blauzi. Mathieu alishuka lorini akasimama kando, mikono kifuani, kama mtu aliyeitwa kutazama uongo.

Vital alilipokea pipa chini ya mbao. Lilikuwa la moto. Akalibingirisha toka mlangoni kuvuka uwanja mzima, kwa mwendo uleule wa siku ile kadiri alivyoweza kuukumbuka. Mbele ya tairi akaliegemea, akalishika. Likasimama. Akainua mikono yote miwili juu, wote waone.

Pipa lilisimama. Gaël alishusha pumzi. Mathieu alianza kugeuka.

Ndipo lilipoondoka. Halikuruka, halikutikisika. Lilianza taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha kitu mbele, likaendelea upande uleule lilikokuwa likienda mwanzo, likagonga tairi, likatulia.

Mathieu alifanya ishara ya msalaba. Gaël akasema atajaribu yeye, akajaribu, na likaenda vilevile mbele ya mikono yake. Mama Adèle alitaka kujua kama hawalipigi teke. Akawekwa karibu, akatazama miguu ya Gaël, na pipa likaondoka mbele ya macho yake. Vital alikuwa amesimama na mdomo wazi. Alikuwa amengoja kufurahi, na furaha haikuja; kilichomjia kilikuwa kizunguzungu.

Micheline akamwambia alisimamishe tena, lakini safari hii asiondoe mikono upesi, alishike mpaka atakapoambiwa. Vital alishika. Chini ya viganja, sasa alipokuwa akisikiliza kwa mikono, alisikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia: pipa lilikuwa limesimama, na bado lilikuwa likimsukuma. Kidogo, kama mtu anayekuegemea katika usingizi. Kule kusukuma kukapungua, kukapungua, kukaisha. Micheline akamwambia aachie. Pipa halikwenda.

Yule mwalimu alikwenda kuketi juu ya tairi. Alikaa na mkono juu ya paji la uso muda mrefu, akichora duara hewani kwa kidole, akilifuta, akilichora tena. Kisha alisema, si kwa sauti ya darasani.

"Mikono yako ilisimamisha chuma. Mafuta ya ndani hukuigusa. Ile ilikuwa inazunguka tu. Ukaachilia chuma, mafuta ikaivuta."

Aliendelea kueleza, zaidi kwa ajili yake mwenyewe. Pipa la baridi, mafuta yake yameganda. Pipa na mafuta ni kitu kimoja, vinaanza pamoja na kusimama pamoja, ndiyo maana ni zito kulianzisha. La moto, chuma chake kinaanza peke yake, mafuta yanabaki nyuma, halafu njiani yanashikwa polepole na kuanza kuzunguka. Uwanja ukiwa mrefu yanapata muda wa kuzunguka sana. Pale kwa shefu alisema kitu kilichosimama hakina nguvu ya mwendo. Neno hilo bado ni kweli. Kosa lake ni kwamba aliamini pipa lilikuwa limesimama.

Vital alisikiliza yote. Kitu kimoja tu kilimsumbua, akakiuliza.

"Na ile nguvu ya mafuta, ilitoka wapi?"

Micheline alimtazama. Ilionekana kwamba angependa kuulizwa swali jingine.

"Kwako," alisema. "Weye njo ulibingirisha pipa toka mulango. Ile kazi uliifanya, ikabaki ndani."

Jioni hiyo Vital alimweleza Scholastique, na Scholastique alicheka kwa furaha, akamshukuru Mungu, akauliza basi mbona uso umekunjamana. Vital alisema ameambiwa kwamba hakulisukuma pipa, na ameambiwa pia kwamba ni yeye aliyelisukuma. Yote mawili na mtu yuleyule, kwa wakati mmoja. Scholastique alisema hayo ni maneno ya shule.

Mkutano wa pili kwa shefu ulikuwa mfupi kwa saa na mrefu kwa masikio. Fulgence alikuja, mkono umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Micheline alieleza habari za chuma na mafuta, Mama Adèle na Mathieu wakashuhudia walichokiona. Mathieu aliongeza, bila kuulizwa, kwamba mikono aliyoiona ikitikisika ilikuwa ikipandisha shati. Sasa anakumbuka rangi ya shati. Watu walitazamana. Yule mzee wa mapipa yanayotumwa alisema si ndiyo hayohayo aliyoyasema yeye. Shefu alijaribu kufuata, akajaribu tena, mwisho akaweka simu yake kifudifudi juu ya meza.

"Madamu, niambie neno moja tu. Alisukuma, ao hakusukuma?"

"Alisukuma," Micheline alisema, "lakini mbele, kabla ya kuisimamisha."

Uani kulivuma. Wengine walicheka, wengine waliuliza jirani zao amesema nini. Shefu akasubiri watulie, akasema kwamba yeye sheria anayoijua haina mahali pa kusukuma kwa namna hiyo, kwa hiyo anaita jambo hili ajali, na mtu yeyote atakayelitembeza sokoni kwa jina jingine ataitwa hapa aeleze mwenyewe. Kisha akawaomba Vital na Fulgence wapeane mikono. Walipeana ya kushoto.

Vital alirudi kazini. Mama Adèle alitoa amri kwamba mapipa ya moto yasimamishwe kwa jiwe, si kwa mikono peke yake, na mtu asipige magoti kwenye safu wakati pipa linakuja. Mkono wa Fulgence ulipona nusu: vidole viwili havikunji. Alibaki kuwa kapita. Hakubeba tena, alielekeza, na alipoelekeza Vital aliitikia mbele ya wote. Lakini hawakuwa tena kama zamani. Vital alikuwa mwangalifu mno, mwenye heshima mno, mpaka wenzao wakaona aibu kuwatazama.

Jumapili moja baada ya misa Vital alikwenda tena kambini. Denise aliwapakulia bugali na sombe ya majani ya muhogo, akawaacha. Vital hakuwa amenawa bado. Alisema amebeba kitu na hajui akishushe wapi. Siku ile, alisema, alilibingirisha pipa kwa hasira. Asingekuwa na hasira angekwenda taratibu, na mafuta yasingepata mbio ile. Kwa hiyo mwalimu amemsafisha, lakini hajamsafisha. Ilikuwa hasira yake iliyozunguka mle ndani, na yeye alijifuta uso huku ikizunguka.

Fulgence alisikiliza. Alivitazama vile vidole viwili vilivyonyooka.

"Miye nilikusikia unakuja," alisema mwishowe. "Nilisikia pipa inakuja mbio. Ningetoa mukono, wakati ilikuwako. Nikasema ndani yangu, ni Vital, ataisimamisha."

"Niliisimamisha."

"Nilisikia. Njo maana niliacha mukono."

Walikaa na hayo maneno kati yao, na hakuna aliyejua yanaangukia upande gani, ya lawama au ya udugu. Fulgence alivuta maji, akanawa mkono wa kushoto, akaanza kumega bugali kwa mkono huo ambao haujazoea. Tonge lilimponyoka, akamega jingine. Vital hakujua kama amsaidie au amwache. Alitazama kando, akatazama tena, mwisho akanawa na yeye, akaanza kula, polepole sana, ili wasimalize kwa nyakati mbili.